Maiti ya Lynnet Ina Wenyewe

Ile kalamu bado iko hewani, msomaji. Tangu wiki iliyopita Lynnet ameishika juu ya karatasi ya bima bila wino kugusa mahali, na mlangoni mwa ofisi ya Mogire amesimama Willis, mume ambaye Lynnet mwenyewe alimkimbia miaka mitatu iliyopita kule kisiwani Remba. Kama gazeti lilikupita, usijali, tutakuvusha sasa hivi.

Lynnet amepata kazi ya kutunza wazee Ujerumani. Lugha ya huko ameisomea mjini Homa Bay mpaka taya zikamuuma. Jumatatu asubuhi anatakiwa ubalozini Nairobi, na ubalozi umesema wazi kwamba bila bima ya afya hakuna visa, hata ukija na kwaya ya kukuombea. Mtu wa kumuuzia bima hiyo amempata hapa Migori, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Ndiye Bwana Mogire, na Bwana Mogire ni Msabato wa kweli. Leo ni Ijumaa. Jua likizama anafunga ofisi, na hafungui tena mpaka Jumatatu, wakati ambapo Lynnet atakuwa tayari amesimama mbele ya dirisha la ubalozi mikono mitupu.

"Huyo haweki sahihi popote," Willis alisema.

Nyuma yake alipenya mzee mfupi mwenye kofia ya sufu na fimbo. Huyo alikuwa Mzee Nicholas, baba mdogo wa Willis, msemaji wa ukoo katika matanga yote ya kwao Takawiri. Alikagua viti, akachagua kilicho na mto, akakikalia, kisha akaomba soda.

Lynnet aliogopa, na hakuna haja ya kuficha hilo. Si kwamba Willis alikuwa mtu wa kupiga. Willis alikuwa mtu wa kutoweka. Kule Remba alikuwa akisema anaenda kuangalia samaki, halafu anarudi baada ya mwezi akinukia marashi, bila samaki hata mmoja. Mtu wa namna hiyo akikutafuta mwenyewe mpaka Migori, ujue kuna jambo.

"Umejuaje niko hapa?" Lynnet aliuliza.

Willis alimwonyesha Mogire kwa kidevu. Aliyekohoa ni Mogire.

"Madam, ni mimi nilipiga simu," alisema, akinyoosha tai yake ya kijani.

"Wewe?"

"Usinikasirikie. Hapa kwa fomu kuna swali. Ukifariki huko nje, mwili upelekwe wapi na upokewe na nani. Mimi siandiki jibu ya hiyo swali kabla boma zote mbili zikubaliane. Iliwahi nipata. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Awendo, nikaandika vile aliniambia yeye mwenyewe. Maiti ikafika, boma mbili zimechimba kaburi. Tenti mbili, wapishi wawili, mapadri wawili. Unajua nani alipigwa viti? Si mapadri."

"Lakini mimi sijafa!"

"Hakuna mtu amesema umekufa," Mogire alijibu kwa upole. "Tunapanga tu."

Hapa inabidi tumwelewe Mogire kidogo. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuwauzia akina mama wa vikundi bima ya mazishi, na anaijua kama anavyojua nyimbo za kanisani. Bima ya visa hii ni ya kwanza kwake. Ndani yake kuna hospitali, upasuaji, dawa na hata meno, na mwisho kabisa kuna kimstari kidogo kuhusu kurudisha mwili nyumbani. Mogire aliruka yote hayo, akatua kwenye kile kimstari na kukaa hapo. Namba ya Willis aliipata kwa mwenyekiti wa kikundi kimoja cha matanga huko Mbita, mama ambaye ana namba ya kila mtu anayetarajiwa kufa.

Mzee Nicholas alipangusa mdomo.

"Nyar Kanyamwa," alianza. Binti wa Kanyamwa, ndivyo Lynnet alivyoitwa ukweni, kwa jina la kwao. "Ng'ombe zetu zilifika kwenu?"

"Zilifika, baba."

"Ziliwahi kurudi?"

"Hapana, baba."

"Basi wewe ni wetu. Ukiwa hai tembea, nenda hata Ujerumani, nenda hata mwezini. Ukikufa unarudi Takawiri."

"Ujerumani yenyewe mimi sina shida nayo," Willis aliongeza. "Mimi nataka heshima tu."

Neno heshima lilivyotoka katika kinywa cha Willis lilimfanya hata Mogire ainue macho kutoka kwenye kompyuta.

Lynnet alitoa simu akampigia mama yake, Mama Helen, aliyekuwa sokoni Ndhiwa akiuza mihogo mikavu. Aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Mama, hapa wanataka kujua nikifa Ujerumani nizikwe wapi."

Soko lote la Ndhiwa lilisikika kwenye simu, kisha mayowe.

"Uwi! Nani amekufa?"

"Ni mimi, mama."

"Si wewe unaongea!"

"Sijafa bado. Ni ya bima. Wanataka kuandika."

Mama Helen alipumua. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyathina, mwanangu, waambie wakulete kwangu. Nitakuweka kando ya mlango wangu, nikiamka nikuone."

Macho ya Lynnet yalijaa machozi. Alikuwa ameshikilia moyo tangu mchana, na neno moja la mama yake likamlegeza. Kabla hajashukuru, simu ilisikika ikinyakuliwa, na kaka yake Maurice akaingia hewani.

"Lynnet, usimsikize mama. Msichana ameolewa hazikwi kwa baba yake. Unataka chira ituingie? Mimi niko na watoto."

"Maurice, nimekuomba nije kukaa kwako? Ni maiti tu."

"Hata maiti! Chira haiulizi. Ukivunja desturi inakula mtoto wa mtu, na wa karibu ni wangu." Halafu Maurice akabadilisha sauti, ikawa tamu. "Lakini safari njema, dada. Ukifika utume jezi. Saizi yangu ni laji."

Mzee Nicholas alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza maboma mawili ya Ndhiwa na Takawiri yalikuwa yamekubaliana jambo bila kuchinja kitu.

Basi hali ikawa hiyo. Boma moja limemkataa, jingine limemdai, na mtu mzima mwenye afya yake amekaa katikati akishika kalamu. Hakuna aliyemuuliza kama ana mpango wa kufa.

"Sawa," Lynnet alisema, na hasira ikamfanya aseme haraka. "Nizikwe huko huko."

Mogire aliondoa vidole kwenye kompyuta.

"Huko wapi?" Willis aliuliza.

"Ujerumani. Ama wanichome. Huko watu wengi huchomwa. Wanakuweka kwa kopo, hausumbui mtu."

Mzee Nicholas alisimama. Kofia aliivua, soda ikamwagika, fimbo ikaanguka. Alitazama dari kama mtu anayemwomba Mungu msamaha kwa niaba ya wengine. Mogire naye alishusha kifuniko cha kompyuta taratibu.

"Hiyo sitaandika," alisema. "Leo ni siku ya maandalizi, madam. Siwezi ingia Sabato na kopo kwa roho."

Lakini aliyemshangaza Lynnet ni Willis. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Willis wa Remba, ambaye hakuwahi kutokwa jasho kwa ajili ya kodi ya nyumba wala karo wala mke mwenye malaria, sasa alikuwa akihangaika na maiti ambayo bado haipo.

"Lynnet, tusifike huko," alisema. "Kuja tu Takawiri wiki moja. Tumalize mambo, kisha uende zako."

"Mambo gani?"

"Mambo ya nyumbani."

"Jumatatu niko ubalozini, Willis."

"Ubalozi si watakuita tena?"

"Ubalozi si mama yako. Ukikosa siku yako wanapatia mwingine, na hiyo kazi inaenda na yeye."

Kwenye simu kulikuwa na purukushani, kibao kikasikika kikitua mahali, na Maurice akalalamika kwa mbali. Mama Helen alikuwa amerudi.

"Lynnet! Uko?"

"Niko, mama."

"Muulize huyo kijana kitu moja tu. Mke anazikwa kando ya nyumba yake, ama mimi nimesahau desturi? Wewe ukipelekwa Takawiri utawekwa kando ya nyumba gani?"

Willis alipangusa mdomo wake. Mzee Nicholas, ambaye hakuwahi kusoma gazeti wala Biblia bila miwani, ghafla alianza kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya soda.

Kwa maana huo ulikuwa ukweli mtupu. Lynnet na Willis walioana na kuhamia Remba, kwenye chumba cha mabati cha kupanga ambamo jirani akipiga chafya ninyi ndio mnaosema pole. Kule Takawiri, nyumbani kwao Willis, Lynnet hakuwahi kujengewa hata jiko. Kila Desemba aliambiwa mwaka ujao.

"Nyumba yangu iko wapi, Willis?"

"Itajengwa."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho?"

"Mabati iko tayari," Mzee Nicholas alisema, na mara moja ikaonekana kwamba alitamani kuirudisha ile sentensi kinywani.

Lynnet aliweka kalamu chini. Miaka yote ya ndoa mabati hayakupatikana. Amekimbia, amesoma, ameshika njia ya kwenda ng'ambo, na sasa yametokea yenyewe?

"Hayo mabati yalinunuliwa ya nani?" aliuliza.

"Baba mdogo, twende nje kidogo," Willis alisema.

"Siendi nje, kuna jua," mzee alijibu. Alikuwa amepewa soda ya pili, na mtu akimpa Mzee Nicholas soda ya pili, mzee hawezi tena kumficha kitu. "Nyar Kanyamwa, wacha tuongee ukweli, sisi ni watu wakubwa. Kuna msichana. Anaitwa Valentine. Ni msichana mzuri, ana adabu, na ana mimba."

Mogire alisema "Pole" kwa sauti ndogo, lakini haikujulikana alikuwa akimwambia nani.

"Huyu kijana anataka kumjengea," mzee aliendelea. "Wazee wamekataa. Valentine hawezi kupata nyumba kabla ya mikayi, mke wa kwanza, na mikayi ni wewe. Akiingia kabla yako, mtoto hataishi. Basi tukasema, si tumtafute nyar Kanyamwa? Tunajenga yako kesho. Unalala hapo na Willis usiku mmoja, desturi imekamilika. Halafu Valentine anajengewa yake, na wewe unapanda ndege yako. Hakuna mtu amekosewa."

"Hakuna mtu amekosewa," Lynnet alirudia.

"Hata kidogo."

Iliumiza. Hakumtaka tena Willis, hilo alilijua wazi. Alikuwa amemlia na kumaliza, kule Homa Bay, kwenye kitanda cha kupanga, kati ya somo moja na jingine. Lakini kuambiwa kwamba umetafutwa kuvuka maji, ukatafutwa kupita Mbita na Homa Bay na Rongo, ili ulale mahali usiku mmoja kama kufuli linalojaribiwa, hilo liliuma, na likamuudhi zaidi kwa sababu liliuma.

"Willis, umekuja huku kunizuia nisiende?"

"Sikuzuii. Nakuomba."

"Uliposimama kwa mlango ulikuwa unaomba?"

Willis alikuna shingo. "Ile ilikuwa ya kuanzia tu."

"Jua," Mogire alikumbusha. Alinyoosha kidole dirishani. Jua lilikuwa limeshuka juu ya paa la soko, na chini barabarani wenye vibanda walianza kufunika mitumba. Mogire alikuwa tayari ameweka Biblia yake mezani, kando ya mhuri.

Lynnet aliangalia ile Biblia, akaangalia mhuri, akamwangalia mzee. Kichwa chake kilifanya kazi haraka kuliko siku zote za masomo.

"Baba," alimwambia Mzee Nicholas, "wazee wanataka kuona nini hasa? Nyumba, ama kwamba mikayi bado ni wa Takawiri?"

Mzee alifikiri. "Nyumba ndiyo kuonyesha. Lakini shida yao kubwa ni kwamba ulitoka. Wanasema mke ametoka, mikayi hayupo, mpango umekufa."

"Na wakiona karatasi yenye mhuri, imeandikwa kwamba Lynnet akifa analetwa Takawiri, na anayempokea ni mume wake Willis?"

Kofia ya sufu, iliyokuwa imesharudi kichwani, ilisogea yenyewe. "Yenye mhuri?"

"Wa bluu," Mogire alisema.

"Lo," mzee alisema kwa heshima. "Hiyo ningesoma mbele ya ukoo mzima. Mikayi amekubali kuzikwa kwetu! Nani atapinga? Nyumba hata ikingoja siku ya mazishi si vibaya, huwa inajengwa hivyo hivyo, usiku mmoja, matanga ikiendelea."

"Basi chukueni," Lynnet alisema. "Andika, Bwana Mogire. Maiti ni yao. Nikifa mniweke popote, hata chini ya kitanda cha Valentine, sitabisha. Lakini mimi mzima naondoka, na hakuna mtu atanifuata. Tumekubaliana?"

Mzee Nicholas alikubali kabla ya Willis kufungua mdomo. Willis naye, baada ya kutazamwa na mzee, akakubali.

Lynnet hakuamini. Alikuwa ameigawa nafsi yake vipande viwili, akawapa kile kisichopumua na kubaki na kile kingine, na hakuna aliyeona kwamba amepunjwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

Mogire alifungua kompyuta, akaandika. Mpokeaji, Willis. Mahali, Takawiri. Akasimama.

"Ndege inashusha Kisumu," alisema. "Kutoka hapo gari mpaka Mbita. Halafu?"

"Halafu maji," mzee alijibu. "Takawiri ni kisiwa."

"Sistimu inajua barabara tu."

"Basi ifundishwe boti."

Mogire alibonyeza, akakunja uso. "Naweza andika boti."

"Si boti ya kuvua omena! Mikayi hawezi kuja akinuka omena."

"Nimeandika boti safi."

"Ya injini."

"Ya injini."

"Injini mbili. Moja ikizima hapo katikati, tutakaa na yeye mpaka lini?"

Mogire alifuta, akaandika, akafuta tena. Mashine ilimkatalia kwa mlio mdogo, akaisihi kwa Kikisii, ikakataa tena. Jasho lilimdondoka kwenye tai. Mzee alikumbuka kwamba mwili wa ng'ambo haupokelewi na watu wachache, kwa hiyo pawe na boti ya pili ya waombolezaji, na Mogire akabonyeza tena kwa nguvu mahali fulani. Mara mlio ukanyamaza.

"Sistimu imekubali!" alipiga kelele.

Wote walipiga makofi, hata Lynnet. Printa ilikohoa na kutoa karatasi zenye joto. Lynnet aliweka sahihi, Willis akaweka yake, Mogire akapiga mhuri wa bluu kwa mikono miwili. Mzee Nicholas aliomba aushike kwanza ule mhuri, akauangalia chini, kisha akaurudisha kwa shukrani. Nakala yao aliikunja na kuiweka ndani ya kofia.

"Safiri salama, nyar Kanyamwa," alisema. "Na usijali kitu. Utazikwa vizuri sana."

"Asante, baba."

Mzee na Willis walielekea mlangoni. Lynnet alikumbatia karatasi yake kifuani. Furaha ilimjaa. Jumatatu angeipitisha chini ya kile kioo cha ubalozi, na maisha yake ya Remba yangekuwa hadithi ya kuwasimulia wazee wa Ujerumani akiwalisha supu.

"Lynnet?" simu ilisema kutoka mezani. Mama Helen alikuwa bado hewani, maskini, na mihogo yake.

"Mama! Nimepata! Wamekubali!"

"Nyasaye ashukuriwe. Wamekubali nini?"

"Wamekubali yote. Nikifa naletwa mpaka Takawiri, kwa boti ya injini mbili."

"Hiyo nimesikia. Na ukiugua?"

"Nini, mama?"

"Nasema ukiugua tu. Hujakufa. Homa imekushika, na hiyo baridi ya huko, na mimi niko mbali, siwezi kukuwekea hata maji kwa kichwa. Hiyo karatasi itakupeleka hospitali?"

Lynnet aliisogelea simu. Tangu mchana watu wanne walikuwa wamebishania kaburi lake, na huyu mmoja wa sokoni ndiye pekee aliyemfikiria akiwa kitandani, hai, akihitaji maji.

"Itanipeleka, mama," alisema. "Hiyo ndiyo kazi ya bima. Ngoja nikusomee."

Aliishusha karatasi akasoma kwa sauti. Kusafirisha mwili, ndiyo. Jeneza, ndiyo. Gari mpaka Mbita, ndiyo. Boti safi ya injini mbili, ndiyo. Boti ya waombolezaji, ndiyo. Akafika chini. Hakukuwa na kitu kingine ila mhuri.

Akageuza upande wa pili. Mweupe.

"Bwana Mogire," aliita. "Matibabu iko wapi?"

Mogire alikuwa akivaa koti. "Matibabu?"

"Hospitali. Daktari. Dawa."

"Ah, hiyo." Mogire aliangalia viatu vyake. "Madam, ile pesa ulilipa haikutosha vitu zote. Sistimu ilikuwa inakataa. Sasa nikatoa hospitali ndio boti iingie."

"Umetoa hospitali?"

"Na meno. Hiyo ni ya boti ya waombolezaji."

"Mogire! Ubalozi unataka bima ya afya! Ya afya! Hii ni ya nini?"

"Hii ni nzuri sana ukikufa," Mogire alijibu, na ilionekana aliamini hivyo kwa moyo wake wote. "Tangu mfike hapa hakuna mtu ameongea mambo ya kuugua. Mimi nikajua hiyo si muhimu kwenu."

Lynnet alitaka kulia, akataka kumpiga na kiti, na kwa mara ya kwanza akawaelewa wale watu wa Awendo.

"Rudisha," alisema. "Rudisha sasa hivi. Toa boti zote, rudisha hospitali."

Mogire alitazama dirishani. Ukingo wa jua ulikuwa bado unaonekana. Alikaa na koti lake mwilini, akafungua kompyuta.

"Kurudisha ni kitu kidogo, naweza maliza kabla jua iingie. Lakini nikibadilisha, hii ya kwanza inakufa. Lazima wote wawili msaini upya. Wewe na mpokeaji."

Mlangoni, mkono wa Willis ulikuwa tayari umeshika komeo.

Aliuondoa. Aligeuka, akaufunga mlango kwa ndani, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba hana haraka yoyote. Alivuta kiti mpaka karibu na Lynnet, akakaa, akaweka mguu juu ya mguu. Lile jasho lilikuwa limekauka kabisa.

"Kumbe bado mnanihitaji," alisema.

"Willis, tumeshakubaliana."

"Tulikubaliana na boti. Boti imetolewa." Alifungua soda ambayo hakuna aliyempa. "Nyumba ni kazi ya siku moja, Lynnet. Usiku mmoja tu Takawiri, kama mke na mume. Jumapili nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka Nairobi, mkono kwa mkono. Sema ndiyo hapa mbele ya baba mdogo, nisaini."

Mzee Nicholas alikuwa amekirudia kile kiti chenye mto.

"Madam," Mogire alisema, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine juu ya Biblia. "Jua."

Lynnet hakulitazama jua. Alimtazama Willis, kuanzia viatu mpaka marashi, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama katika miaka yote ya ndoa. Hofu aliyoingia nayo wiki iliyopita haikuwepo tena. Sauti yake ilipotoka ilikuwa tulivu, hata Mama Helen kwenye simu akaacha kupumua.

"Bwana Mogire, niulize kitu moja ya kazi yako. Kama huyo mpokeaji ametangulia yeye, si sahihi ya mjane peke yake inatosha?"

Willis aliondoa chupa mdomoni.